Betri Iko Mahali pa Joto

El Mañío, 9 Juni 2003

Danitza,

Una moyo gani wewe? Siku sijazihesabu, nahesabu kuni. Ulipoondoka Aprili rundo lilikuwa linafika dirishani, sasa naliruka bila kuinua goti sana, na goti lenyewe ndilo hili unalolijua. Karibu rundo zima limeungua na wewe hujaleta hata pua. Barua mbili nimepata kutoka kwako, na zote mbili zinaulizia pikipiki yako uliyoniachia. Mimi nina goti, nina kifua, nina ng'ombe aliyeteleza kwenye barafu akalala kisimani kama mlevi. Hukuuliza. Haya, pikipiki hajambo, anakusalimu.

Karatasi yako ya maagizo nimeitundika kwenye msumari karibu na jiko. Nimeisoma mpaka la saba nikachoka. Marehemu babu yako alinifundisha herufi, hakunifundisha uvumilivu. Ulisema tairi zisikanyage udongo wa baridi, nimeweka mbao. Ulisema isifunikwe kwa nailoni, ipumue, nimeivika poncho ya babu yako, lile blanketi lake la kuvaa, la kijivu. Ulisema egzosi izibwe, nimeiziba kwa soksi. Ulisema cheni ipakwe mafuta ya kopo. Kopo silioni, nadhani uliondoka nalo. Nimepaka mafuta ya kondoo. Miaka sitini nayapaka kwenye hatamu na vyuma vya tandiko na sijaona kutu. Nilipomaliza cheni niliona yamebaki, nikapaka kila chuma mkono ulipofika, mpaka chini ya kiti. Inang'aa kama bibi harusi.

Theluji imefunga njia ya juu, lakini basi la Alhamisi linafika mpaka darajani. Basi linaleta watu pia, si barua tu. Nakukumbusha.

Bibi yako,
Edelmira Oyarzo


Quellón, 25 Juni 2003

Shikamoo Bibi,

Pole na goti, pole na kifua, na ng'ombe pia mpe pole. Sasa nisikilize, na usikasirike.

Kopo liko kwenye rafu, nyuma ya debe la misumari. Mafuta ya kondoo yafute yote, leo, kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nje, mbali na jiko. Tafadhali. Yale ni chakula, Bibi. Ukimpaka mtu chakula, atakuja wa kumla.

Halafu la nane, ambalo hukulifikia, ndilo kubwa. Betri. Fungua kiti, toa waya mweusi kwanza, ndipo mwekundu. Iingize ndani ya nyumba, uiunganishe na ile chaja niliyoiacha, usiku mmoja kila mwezi. Betri iliyojaa inastahimili baridi. Iliyoisha inaganda kama maji ya ndoo na inapasuka. Na asitokee mtu wa kuiwasha injini dakika tano eti ipate joto. Injini ikiwashwa na kuzimwa hivyo inatoa jasho ndani, na jasho linakuwa kutu. Iacheni ilale.

Nakwambia kwa nini nasumbua. Kuna mtu Coyhaique, Bwana Baldovino Ascencio, anapeleka wageni kusini kwa pikipiki. Anataka kiongozi wa msafara anayeijua barabara yetu, na sharti lake ni moja: uje na pikipiki yako mwenyewe, aikague. Siku yangu ni tarehe 15 Oktoba. Ikipita, Novemba naanza kazi. Isipopita, nabaki hapa kiwandani napasua samoni. Siwezi kuja kabla ya hapo. Ukikosa kazini siku mbili wanampa nafasi yako mwingine.

Mimi sijambo. Kazi ni kazi.

Danitza


El Mañío, 13 Julai 2003

Danitza,

Nimefuta mafuta palipoonekana. Betri nimeitoa, mweusi kwanza, mwekundu baadaye, sikurushwa wala sikufa. Iko mahali pa joto.

Kazi yenyewe sijaipenda. Wanaume wazima waliotoka ng'ambo, wamevaa kofia za vioo, hawajui kuuliza njia, na wewe mbele yao kwenye upepo ule unaoangusha malori. Babu yako alipita barabara hiyo na farasi na ng'ombe mia, hakumwongoza mtu yeyote. Lakini nani ananisikiliza? Zamani waliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakuniambia asiyesikia la mjukuu anavunjika nini.

Habari za huku. Mzee Rosamel wa ng'ambo ya mto amebaki peke yake. Mkewe Orfelina walimchukua mwanzo wa Juni, tumbo, wakampeleka hospitali ya Coyhaique. Unamjua Rosamel, asipopewa habari hali chakula. Hospitali wanatuma taarifa redioni, saa sita mchana, kama kawaida, na redio yake ilikuwa imenyamaza kwa kukosa moto. Umeme wa serikali umeishia kwenye geti langu, mto haukuuvuka. Anakaa anaangalia kile kisanduku kama anaangalia kaburi. Nimemsaidia kidogo.

Unakula? Hukusema unakula nini.

Bibi yako,
Edelmira Oyarzo


Quellón, 28 Julai 2003

Bibi,

Nyumba yako ina jiko moja na vyumba viwili. Mtu akiuliza betri iko wapi, jibu ni "juu ya kiti" au "chini ya meza." "Mahali pa joto" si jibu, huko ni kuzunguka mbuyu.

Umeichaji? Umechaji mara ngapi? Na Mzee Rosamel umemsaidia nini?

Barua inachukua wiki mbili kwenda na mbili kurudi, mwezi mzima unapita nikisubiri kujua kama nina kazi au sina. Nimechoka kusubiri. Nimetuma ujumbe redioni. Utausikia, au utaambiwa.

Nakula.

Danitza


El Mañío, 8 Agosti 2003

Danitza,

Umenivua nguo mbele ya bonde zima.

Saa sita nilikuwa naweka unga wa mkate. Yule kijana wa redio, mwenye sauti kama anasoma tanzia hata akitangaza ndama amepotea, akaanza: "Kwa Bibi Edelmira Oyarzo, El Mañío. Anaarifiwa na mjukuu wake Danitza kwamba asiipake pikipiki mafuta ya kondoo. Afute yaliyobaki, hasa chini ya kiti. Betri ikae ndani ya nyumba na ichajiwe kila mwezi. Injini isiwashwe na mtu yeyote. Egzosi iendelee kuzibwa. Ajibu kwa njia hii betri iko wapi." Halafu akasoma tena. Wanasoma mara mbili, si unajua, kwa wale ambao mara ya kwanza walikuwa wanakoroga chungu.

Siku ya pili nimewapokea kumi na mmoja. Wamekuja kwenye theluji, kwa farasi, kwa miguu, na yule Nolberto mnene kwa trekta. Wote wamekuja kuiona pikipiki iliyopakwa mafuta. Wamekunywa chai yangu yote. Nolberto akasema, "Mama Edelmira, hiyo ilitakiwa uilaze ubavu, kama kondoo anayenyolewa, petroli ishuke." Ndugu yake akasema hapana, itembezwe kila Jumapili mpaka kwenye geti na kurudi, isije ikavimba miguu. Mjane wa Quinán akaniuliza kama niliitia chumvi kabla ya mafuta. Nikamwambia, chumvi nakuwekea wewe, subiri chai. Wakacheka. Mimi sikucheka. Na wote, kabla ya kuaga, wananiuliza kwa sauti ya upole, ile ya kuulizia mgonjwa: "Na betri, mama, iko wapi?"

Haya, na wewe uliuliza. Iko kwa Rosamel.

Niliipeleka Julai kumi na moja, kwenye kile kisanduku cha kuvukia mto, kinachopita juu ya waya, imefungwa kwenye blanketi kama mtoto. Tuliiunga kwenye redio yake. Akasikia siku hiyo hiyo. Orfelina amepasuliwa, anapumua mwenyewe. Wiki iliyofuata wakasema Orfelina anaomba aletewe meno yake, aliyaacha kwenye glasi. Yule mzee alilia kwa ajili ya meno, Danitza. Alikuja hadi ukingoni akayanyanyua juu nione ng'ambo. Sasa wewe niambie, ningevuka kwenda kumwambia nini? Rudisha betri, ukae kimya?

Nilitaka iwe inarudi kwangu kila mwezi nichaji, halafu ivuke tena. Mpango ulikuwa mzuri. Lakini mwisho wa Julai roda ya ule waya iliganda, kisanduku kikabaki katikati ya mto kinaning'inia mpaka juzi. Betri iliishiwa moto upande ule. Rosamel akaiacha barazani, kwenye baridi. Imepasuka ubavu.

Nimesema. Sasa usinitangaze tena.

Bibi yako,
Edelmira Oyarzo


Quellón, 22 Agosti 2003

Bibi,

Nimeandika barua tatu nikazichana. Hii sitaichana.

Ungeniambia Julai, ningetafuta betri nyingine, mbovu, ya trekta, yoyote, Mzee Rosamel akasikiliza redio mpaka masikio yakachoka. Sikukukataza kumsaidia mtu. Nilikuuliza swali moja, betri iko wapi. Ukanijibu kama mtu anayemtuliza mtoto.

Wewe unafikiri nataka kazi ile kwa ajili ya upepo na kofia. Haya, nikwambie. Vidole vitatu vya mkono wa kulia, kuanzia cha kati, sivisikii. Vilianza na ganzi asubuhi, sasa ni mchana kutwa. Tunasimama kwenye maji ya barafu kwa muda wa saa tisa, kisu mkononi, samaki elfu. Aprili nilipokuja kwako nilikuwa nashika kikombe kwa mkono wa kushoto na hukuona, kwa sababu nilihakikisha huoni. Daktari amesema msimu mwingine mmoja wa kisu na mkono hautafunga tena. Kwenye pikipiki vipini vina joto la umeme, navaa na glovu nzito, mshipa unatulia. Nimejaribu. Ndiyo maana.

Sasa betri imepasuka na sijui chini ya kiti kuna nini, na naogopa kuuliza. Usiiguse tena. Usifute, usipake, usimwite Nolberto. Mnunuzi akipita, muuzie.

Danitza


El Mañío, 10 Septemba 2003

Danitza mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, nyingine nikiwa nimesimama.

Umeniuliza mara mbili betri iko wapi nikakujibu mahali pa joto. Mimi nilikuuliza hali yako ukanijibu sijambo. Basi "sijambo" yako na "mahali pa joto" pangu wamezaliwa tumbo moja. Usinipandishie sauti peke yangu.

Lakini wewe ulificha mkono wako, mimi nilificha betri. Si sawa, najua. Mkono haununuliwi. Nimekaa na hilo siku tatu, mkate umeniungulia mara mbili.

Sasa nikumalizie ubaya, nisije nikakupa nusu tena. Chini ya kiti kuna panya. Walikuwepo. Ulisema nisiiguse, sikuigusa, nimefungua kiti kwa fimbo tu. Walianza na mafuta ya kondoo yaliyobaki kwenye kona nisizoziona, na yalipowaishia wakaendelea na waya zilizonukia mafuta hayo. Waya nyingi zimetafunwa, nyekundu zaidi ya nyeusi, sijui kwa nini wanapenda nyekundu. Wametengeneza kiota kwa sufu ya poncho ya babu yako. Vingine ni vizima. Tangi halina kutu. Tairi hazikuzama. Cheni ni safi, panya wameilamba.

Kosa ni langu kuanzia juu mpaka chini. Ulisema kwa karatasi, ukasema kwa barua, ukasema redioni mara mbili. Mtu mwenye akili angesikia la kwanza.

Basi nimefanya kitu. Usinipigie kelele mpaka umalize kusoma.

Alhamisi nilipanda basi mpaka Cochrane, na goti langu, nikaingia pale redioni. Yule kijana mwenye sauti ya tanzia kumbe ni mfupi, ana chunusi. Nikamwambia andika, akaandika. Saa sita akasoma, na wanasema Coyhaique pia wanaisikia, wenzao wanairusha mbele. Nakuwekea kama alivyosoma:

"Kwa Bwana Baldovino Ascencio, wa misafara ya pikipiki, Coyhaique. Anaarifiwa na Edelmira Oyarzo, bibi yake Danitza, kwamba pikipiki atakayoikagua tarehe 15 Oktoba imeharibika. Ameiharibu bibi, si mjukuu. Mjukuu alieleza kila kitu cha kufanya majira ya baridi, na nchi nzima ilisikia. Bibi hakufanya. Kama Bwana Ascencio anatafuta mtu anayejua kutunza pikipiki, ameshamsikia. Kama anatafuta pikipiki nzuri, aende dukani. Ajibu kwa njia hii au asijibu."

Alisoma mara mbili. Nilimwambia asome tatu, akasema kanuni ni mbili.

Mnunuzi hajapita. Akipita nitamwambia hakuna pikipiki hapa.

Bibi yako,
Edelmira Oyarzo


Quellón, 24 Septemba 2003

Bibi,

Uliandika nisikupigie kelele mpaka nimalize kusoma. Nimemaliza. Nimepiga kelele bwenini, wenzangu wakaja na ufagio wakidhani ni panya. Nikawaambia ndiyo, ni panya.

Unajua nilichofanya kwa miezi mitatu? Nimemwandikia yule mtu barua safi, kwa mashine, "chombo changu kiko katika hali bora." Na wewe umekwenda kumwambia mkoa mzima kimeharibika. Nilitaka kulala chini pale pale.

Jumatatu niliitwa ofisini, simu. Nikajua ni wewe umeanguka. Alikuwa Bwana Ascencio. Hakusema habari za asubuhi. Akaniuliza, "Kwa nini ulisema injini isiwashwe?" Nikamweleza kuhusu jasho na kutu. "Na betri iliyoisha?" Nikamweleza. "Na mafuta ya kondoo?" Nikamwambia hilo sikulisoma popote, hilo nimefundishwa na Bibi. Nadhani alikuwa anacheka, lakini huyo mtu hachekei kwenye simu. Akasema alisikia ujumbe wangu ule wa Agosti akiwa gereji, akaongeza sauti. Akasema watu wanane wamemwandikia, wote wanane kwamba kila kitu ni kizuri, na ukweli ameupata kwa bibi mmoja tu.

Usifurahi bado. Hajanipa kazi. Amesema barua yangu ya mashine ilikuwa uongo na hakuipenda, nikamwambia nilipoiandika sikujua, naye akasema ndiyo maana, asiyejua asiandike. Amenipa mpaka Oktoba 31, si siku zaidi. Pikipiki ifike Coyhaique kwa magurudumu yake, si juu ya lori, na waya nizifunge mimi mwenyewe kwa mikono yangu, kwa sababu njiani hakuna fundi. Kwa mikono yangu, Bibi. Nilishika simu kwa mkono wa kushoto nikasema sawa.

Niliomba ruhusa ya wiki tatu hapa kiwandani. Wamekataa. Nimerudisha kisu na buti. Kwa hiyo sasa sina huku wala kule. Bado nina hasira na wewe, nataka uijue.

Danitza


El Mañío, 3 Oktoba 2003

Danitza,

Hasira yako nimeiona, iweke pale kwenye begi pamoja na vitu vingine, uje nayo. Kukaa nayo peke yako Quellón kunakusaidia nini?

Pikipiki haijaguswa. Nolberto alikuja na utepe na koleo, nikakaa mlangoni mwa banda kwenye kigoda, fimbo mapajani. Akasema, "Mama, nataka kusaidia tu." Nikamwambia mimi pia nilitaka kusaidia tu. Akaondoka. Paka nimemhamishia humo, analala kwenye kiti. Poncho nimeichoma.

Orfelina amerudi, amekonda, meno yake anayo. Rosamel amevuka jana. Kwa aibu hakutaka kuingia ndani, akasimama uani kofia mkononi. Nikamwambia ingia, unaleta baridi. Anasema zamani alikuwa anafunga waya za mashine za kunyolea kondoo, atakushikia taa na koleo, atafanya vile utakavyomwambia na hatasema neno. Nimemwambia hilo la kutosema neno nitalisimamia mimi.

Siku za Oktoba zilizobaki si nyingi na waya ni nyingi, nimezihesabu kwa macho, sikuzigusa. Mkono wako ukigoma katikati ya kazi, utagomea hapa, si barabarani. Tutaona. Sikuahidi kitu, nimeacha kuahidi.

Sasa nisikilize. Panda basi la Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, si linalofuata. Betri mpya uje nayo mapajani, usiipe kondakta. Ukishuka darajani, utaona moshi wangu, na banda utaliona kabla ya nyumba kwa sababu liko mbele. Usiingie bandani. Pita moja kwa moja uje jikoni, vua glovu, unipe mkono wa kulia niushike mwenyewe.

Bibi yako,
Edelmira Oyarzo